Sijasogeza Filamu

Tunduma, Jumamosi mchana

Sekela,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitakuwa zimebaki. Nimekasirika, na sitaki uanze kusoma ukidhani baba yako amekaa kukuandikia maneno ya kubembelezana. Mambo ya godoro, ndoo, soksi, nani wa kutembea naye na nani wa kumkwepa, hayo shangazi yako ameshakuambia huko kwake kijijini Ruanda, na namjua dada yangu, atakuambia tena ukiwa umeshaweka mguu kwenye basi. Mimi nina jambo moja tu.

Alhamisi uliniletea fomu za chuo hapa studio nikubandikie picha za pasipoti. Ukasema, "Baba, usijisumbue kuzisoma, nimeshajaza zote." Nikabandika tatu, zikakaa vizuri. Ya nne ilikuwa ya ukurasa wa familia, na hapo macho yakaniponza. Jina la baba, umeandika langu. Kazi yake, mpiga picha. Jina la mama, Enelesi. Kazi yake umeacha wazi. Kisha pembeni, kwa mwandiko wako ule ninaotembea nao kuwaonyesha watu, umeandika "Marehemu".

Marehemu alikuwa nyuma ya pazia akipiga pasi. Nilimsikia akikung'uta majivu. Akaniuliza, "Baba Sekela, mbona kimya? Picha imekataa kunata?" Nikamwambia gundi imeganda. Nimedanganya siku mbili nzima kwa ajili yako, mtu mzima na mvi zangu, ndani ya nyumba yangu.

Unafikiri umebuni jambo jipya? Hukubuni kitu. Kumwondoa mama yako ni kazi niliyoianza mimi, kwa mkasi, wewe ukiwa na miaka minane. Sasa utanisikiliza nilivyoifanya, kwa sababu hadithi unayoijua ni ya shangazi yako, na shangazi yako ameilainisha mpaka imekuwa hadithi ya watu wema waliohangaika na mgonjwa.

Mama yako hakuugua kwa siku moja. Watu wanataka sababu. Wengine husema ni yule mtoto aliyekufuata, aliyezaliwa kimya. Wengine husema ni kuhamia huku mpakani kwenye makelele, yeye aliyekulia kwao Undali milimani. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja na sijui. Ninachojua ni kwamba alianza kuchelewa. Ukimwita, anaitika baadaye kidogo, kama anaulizia kwanza kama jina ni lake. Siku moja nikamkuta mbele ya kile kioo cha wateja cha kuchania nywele. Akaniambia, "Huyu mnayemwita Enelesi anapika, anafua, anasalimia watu. Mimi simjui." Nikacheka. Andika hilo mahali, kwamba la kwanza nililofanya ni kucheka.

Wakati huo ndipo mitumba ilikuwa imeruhusiwa, watu wametoka kwenye miaka ya viraka, na kila mtu alitaka apigwe picha akiwa mtu mwingine. Studio yangu ilikuwa na makoti mawili, tai, miwani ya jua, simu ya mezani isiyo na waya, na lile pazia nililochorewa ndege na ngazi zake, mkulima wa kahawa anasimama hapo na gumboti zake anaonekana anapanda kwenda Ulaya. Hilo hakuna aliyeliita wazimu. Wateja walijipanga mpaka barabarani.

Basi siku ya soko mama yako akapita katikati yao, akavaa koti kubwa la kahawia, akafunga tai, akakaa kwenye kigoda akiipa kamera mgongo. Akasema, "Nipige." Nikamwambia ageuke. Akasema, "Nikigeuka mtamwona yule. Nipige hivi." Watu wakacheka na mimi nikaona aibu, nikamwondoa kwa mkono. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, akakaa hivyo hivyo. Siku ya tatu nikapiga ili aniachie kigoda.

Baada ya hapo akawa anakuja kila wiki, wateja wakiisha. Alipanga kila kitu mwenyewe. Aliweka simu sikioni, mdomo wazi, waya uliokatika ameuzungushia shingoni. Alivaa gauni lake la harusi na kujifunika uso kwa kile kitambaa cheusi cha kamera. Mezani hakuwa akisema maneno kumi kwa siku, lakini akija studio ananielekeza taa iwekwe wapi, na nikikosea ananigombeza. Alikuwa ananieleza, Sekela. Kila wiki alikuwa ananieleza anavyoumwa, na mimi nilikuwa nahesabu mwanga.

Kisha akataka ya pacha.

Hukuijua picha ya pacha, maana niliiacha. Nilikuwa na kifuniko cha lenzi nilichokikata nusu. Unamkalisha mtu kushoto, unafunika upande wa kulia, unapiga. Husogezi filamu. Unamhamishia kulia, unageuza kifuniko, unapiga tena. Filamu moja, mtu mmoja, wamekaa wawili. Wazambia walivuka kutoka ng'ambo kwa ajili ya hiyo tu. Kazi yenyewe iko katikati, pale nusu mbili zinapokutana. Ukitetemeka, panatokea mfereji kama ukuta ulioingia maji.

Mama yako alichora mstari kwa chaki kwenye sakafu. Akaweka vigoda viwili na bakuli la uji. Kulia alikaa amefunga kilemba vizuri, ameshika kijiko, anatabasamu kama mke wa mchungaji. Kushoto alikaa kichwa wazi, mikono imelala mapajani, mdomo umefunguka kidogo, macho hayapo. Nilipoisafisha nikashika kichwa. Enelesi alikuwa anamlisha Enelesi, kijiko kimefika mdomoni kabisa, na katikati huoni hata uzi.

Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwa mwenye kilemba. "Huyu ndiye mnayemjua." Akakisogeza. "Huyu ndiye mimi. Yule anamlisha huyu ili asife, lakini amechoka."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Umeona mstari hauonekani?"

Nikaikuza. Nikaitundika kwenye kioo cha mbele, pale wapita njia wanapoangalia. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, nami nikataka mji wote uione. Mke wangu aliniambia yuko taabani, mimi nikafanya tangazo la biashara. Mama mmoja wa ng'ambo alisimama pale akapiga makofi, "Bamayo, mama wee! Na mimi nataka ya kujilisha!" Wiki ile nilipiga wanawake wengi wakijilisha uji, wote wanacheka.

Halafu shangazi yako akaja sokoni na maharage yake. Akaona wifi yake kwenye kioo, wawili.

Wewe umekulia shule, mapacha kwako ni sare za kufanana. Kwetu Unyiha, na kwa akina mama yako pia, pacha hakupokelewa kimya kimya. Palikuwa na dawa, palikuwa na siku za kutengwa, na mpaka yaishe ukoo mzima haukutulia. Sasa mwanamke mzima, aliyezaliwa peke yake, amejifanya pacha kwa mkono wa mumewe, tena baada ya kuzika mtoto! Dada yangu hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alirudi nyumbani, na Jumapili yake wakaja watu saba wa ukoo na kukaa kwenye benchi la wateja.

Wakasema ugonjwa umetoka kwenye picha. Nikawaambia ugonjwa ulikuwepo kabla. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma hadi leo, "Kijana, kabla ya picha ulimwona wapi huyu wa pili?" Nilikuwa nimemwona kila siku jikoni kwangu na sikuweza kusema.

Wakataka wa pili atolewe. Dada akasema, "Umkate, tumchome, tubaki na mke wako." Wewe ulikuwa umekaa chini ya meza ya kukatia picha, unachezea vipande vya pasipoti. Mama yako alisimama kwenye mlango wa chumba cha giza. Nikatoa negativu, filamu yenyewe ya picha ile. Nikachukua mkasi ule ule ninaotumia leo. Nikaikata katikati, pale pale ambapo nilijisifu kwamba hakuna mtu anayeweza kupaona.

Nusu moja nikaweka mfukoni. Nusu nyingine nikampa dada, akaichoma kwenye kifuniko cha kopo.

Mama yako akaniuliza, "Umechoma yupi?"

Akaja mwenyewe akatia mkono mfukoni mwangu, akaitoa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akamwona mwenye kilemba na kijiko chake, anamlisha hewa. Akasema, "Umebaki na mpishi." Akanirudishia. Hakulia wala hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Siku hiyo hiyo walimchukua kumpeleka bondeni, kwa mganga wa upande wa Ivuna. Niliruhusu. Shangazi yako amekuambia alikwenda kupumzika kwa ndugu, sivyo? Alifungwa kamba za katani mikononi, msimu wote wa mvua. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliona kamba, nikasalimia waliomfunga, nikawaachia sukari. Mara ya pili vidonda vilikuwa vimeanza kunuka, ndipo nikamkata kamba nikambeba hadi barabarani. Usinisifu kwa mara ya pili.

Sasa rudi kwenye koti.

Ukiwa kidato cha pili, siku ya wazazi, mama yako alitaka sana kuja. Joto lilikuwa kali na yeye kavaa lile koti kubwa la studio, mikono imeshuka hadi vidoleni. Wenzako walicheka. Mmoja akakuuliza, "Yule ni nani?" Ukasema, "Mfanyakazi wa baba." Nilikuwa hatua tatu nyuma yako. Mama yako naye alikuwa hatua tatu. Ulikuwa na miaka kumi na minne na sikukuchukia hata kidogo, lakini ilinipasa nikushike bega palepale, na sikukushika. Nilinunua soda, nikajifanya natafuta chupa ya kurudisha.

Koti lile alilivaa ili usione mikono yake, makovu yale yanayozunguka kote. Aliniambia njiani, "Mtoto akiyaona mbele za watu ataona haya." Alikuwa anakusitiri wewe, ukamfanya mfanyakazi. Na jioni ile shangazi yako akanishauri uhamie kwake moja kwa moja usome kwa utulivu. Nikakubali hilo nalo, maana nimekuwa hodari sana wa kukubali.

Najua utasema, baba, hukunieleza. Ni kweli. Hasira hii nusu yake ni yangu na naibeba. Lakini nusu nyingine ni yako, na usinitupie mimi yote. Umekuja likizo hapa miaka yote. Umemwona anavyotetemeka mikono kwa sababu ya vidonge na bado anashona vifungo vya makoti ya wateja. Umekula uji wake. Na juzi juzi mama huyo huyo alikaa siku mbili akipunguza sketi zako tatu za chuo. Unaandikaje marehemu ukiwa umevaa sketi yenye uzi aliokata kwa meno yake?

Nitakuambia kitu kimoja kilichonisaidia, halafu nitakuacha. Nilipompeleka Mbeya hospitali, nilibeba zile picha ndani ya bahasha, nikidhani ni ushahidi wa kichaa. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu wa maneno. Akazipanga mezani moja moja. Akauliza, "Nani alizipanga hizi?" Nikasema mimi. Akasema, "Sijauliza nani alibonyeza." Mama yako akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Na wakaanza kuongea juu ya picha, hii kwa nini umegeuka, huu waya ni nini, mpaka wauguzi wakaja kugonga. Nilikaa pale kwenye kiti cha pembeni nikasikiliza mambo yote niliyokuwa nimeambiwa tayari. Daktari hakuwa na uganga wowote wa ziada. Aliangalia picha na akauliza. Mimi nilizisafisha kwa mikono yangu na sikuuliza hata moja.

Dawa zilimsaidia. Hazikumrudisha "kama zamani", na ukinisikia nasema hivyo kwa wageni, ujue nadanganya. Kuna miezi anapotea kidogo na kuna miezi anagombana na wauza nyanya kama kawaida. Yule wa kushoto yupo bado. Siku hizi akija, mama yako huniambia, "Leo nimekuja yule," nami nampikia.

Leo asubuhi nilichoka kudanganya. Nikampa fomu.

Alisoma polepole, miwani yake ina ufa. Alipofika pale aliweka kidole juu ya neno. Nilijiandaa kwa lolote. Akasema, "Mwandiko wake umekuwa mzuri." Kisha akaikunja, akaingia ndani. Niliposikia maji nikafikiri anaficha kilio. Alikuwa anaoga.

Akatoka amevaa lile gauni lake la maua, la mikono mifupi. Mikono yote nje, Sekela, na mlango wa studio uko wazi na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Akasema, "Kile kifuniko chako cha nusu bado unacho?" Nikakitafuta kwenye debe la misumari. Akachora mstari wa chaki. Akaweka vigoda viwili. Akakaa cha kushoto, nywele wazi, na cha kulia akaweka juu yake bakuli na kijiko.

Nikamuuliza, "Wewe hapo ni yupi, anayelisha au anayelishwa?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sina akili. "Mimi ni mama yake," akasema. "Piga."

Nikapiga. Sikutetemeka.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu zako zote, zimebandikwa, na tiketi. Sijafuta neno lako, hiyo si kazi ya mkono wangu, na mkasi nimeuweka juu ya kabati. Kila unachohitaji kwa safari unacho. Basi linaanzia hapa Tunduma saa kumi na mbili asubuhi na saa moja na kitu linapita Mlowo, kwa hiyo unaweza kulidakia huko pamoja na shangazi yako, ukaenda chuoni Morogoro bila kuonana na sisi. Wala hakuna atakayekuuliza, maana mama yako amekufa kwa maandishi.

Au unaweza kupanda gari za jioni ukaja. Dereva wa pikapu aliyekuletea barua hii anarudi leo leo, nimeongea naye.

Kamera iko juu ya miguu yake, nimeifunika kitambaa. Chaki haijafutwa, wateja nimewaambia waruke mstari. Nusu ya kushoto imeshapigwa na nusu ya kulia haijapata mwanga. Sijasogeza filamu. Usipokuja, Jumatatu nitaisafisha hivyo hivyo, mama yako kushoto anaangalia pembeni na mikono yake wazi, na kulia weusi mtupu, nami nitaitundika kwenye kioo cha mbele, pale pale pa zamani. Safari hii akija mtu wa kuuliza, nitamjibu.

Salamu imebaki moja. Mama yako anakusalimu.

Baba yako